Afisa wa Ushuru

Nauza mboga Uyole, mwaka wa tisa huu.
Chainizi, figiri, mnafu, majani ya maboga
yenye vinyweleo vinavyokwaruza kiganja.
Watoto wa Dar es Salaam wananawiri kwa mafungu yangu;
lori linaondoka jioni,
kesho yake wanakula.
Wangu, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili,
hali.

Anaitwa Gwamaka, yaani mwenye nguvu.
Nguvu zenyewe ziko kwenye meno:
akiyafunga, hata daktari wa meno wa Rufaa
ataomba likizo.

Mpe ugali na maharage
uliyoyafichia jani moja, moja tu,
dogo kama ukucha wa kifaranga.
Atalisimamisha tonge kama basi mpakani Tunduma,
atalipasua, atalipekua,
atashusha mzigo wote chini,
na lile jani atalitoa kwa ncha za vidole viwili
alilaze ukingoni mwa sahani
pamoja na wenzake waliokwisha kukamatwa.
“Mama, hii nini?”
Sauti ya serikali kabisa.

Nimejaribu. Mungu shahidi.
Karoti nimeikwangulia kwenye uji wa ulezi;
akasema uji umeshika kutu.
Mchicha nimeukandia kwenye unga wa chapati;
akauliza chapati imeota ukungu lini.
Nimemwahidi pipi, akala pipi kwa mkopo,
deni halijalipwa hadi leo.
Nimemwambia mnafu unaongeza damu,
akanionyesha goti lililochubuka:
“Damu ninayo. Ona.”

Bibi yake akapanda kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi,
akanilaumu: enzi zetu mtoto hakuulizwa.
Akambembeleza, akamsimulia hadithi, akamtishia fimbo.
Siku ya tatu nilimkuta jikoni
anamkaangia yai,
kimyakimya, kama mwizi.

Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Sikujua na muuza mboga yumo.

Ikaja Juni, na baridi ile
inayofanya maji ya bomba yaume kama mbwa.
Shule zimefungwa, nikaenda naye sokoni,
sweta mbili na kitenge changu juu,
nikamkalisha kwenye gunia la viazi nyuma ya meza.
Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mizani.
Wateja wa kuhesabu.
Nikampa kazi: njegere, debe zima, menya,
maganda huku, punje kwenye beseni.
Sikumwambia kwamba zinaliwa.

Nilikuwa nampimia vitunguu mama mmoja wa Igawilo
niliposikia: tak.
Ganda limepasuka.
Kisha kimya, kirefu kuliko kazi inavyotaka.
Kisha tak.
Nikatazama kwa pembe ya jicho.
Punje tatu beseni, moja shavuni.
Mbili beseni, mbili shavuni.
Halafu beseni likasahaulika.
Afisa alikuwa anakula ushahidi,
mbichi, wa baridi, mtamu
kwa kuwa haujaguswa na moto wala na mama.

Mama wa Igawilo akafungua mdomo: “Dada, mwanao—”
Nikamkanyaga mguu.
Nikamwongezea vitunguu viwili vikubwa.
Ndiyo, ilikuwa rushwa.

Kilo na ushee ilipotea siku ile.
Sijawahi kupata hasara nikatembea hivyo kurudi nyumbani,
beseni jepesi kichwani.

Jioni nikajiona mjanja,
nikazipika zilizobaki kwa nyanya na kitunguu.
Akazitazama.
Akazipanga ukingoni, moja moja, mstari ulionyooka.
“Mama, hizi umezipika,” akasema
kwa huruma, kama anayenisomea kosa langu.

Kesho kuna debe jingine.
Nitamwambia ni kazi tu.